Hedifoni na Iyafoni za Bei Nafuu: Namna ya Kupata Zenye Sauti ya Maana

Kila kinachoongezwa kwenye hedifoni kinalipiwa na mtu, na mtu huyo ni wewe mnunuzi. Bluetooth, betri, kikasha cha kuchajia, maikrofoni nne, taa zinazomeremeta, kitufe cha kugusa: vyote vinakula bajeti ile ile iliyopaswa kulipia kispika kinachokuimbia sikioni. Bajeti ikiwa nene kuna cha kugawana. Ikiwa nyembamba, kispika hubakiziwa makombo. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata hesabu moja tu: jua unachohitaji, kata usichohitaji, kisha pesa iliyobaki yote iende kwenye sauti.

Na sauti nzuri si lazima iwe ghali. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni na iyafoni 283 zilizokwisha kupimwa kwa mtambo, akalinganisha vipimo hivyo na bei zake. Hakuona uhusiano kati ya bei na namna kifaa kinavyotoa masafa ya sauti, yaani sauti zote kuanzia nzito hadi kali. Ya bei kubwa inaweza kukuangusha, na ya bei ndogo ikakushangaza. Kazi iliyobaki ni kujua ipi ni ipi.

Hatua ya 1: Utasikilizia wapi?

Anza na mahali, kabla hujataja jina la kampuni yoyote.

Kama utasikiliza zaidi kwenye gari, treni au sehemu zenye watu wengi, chukua iyafoni zenye vimpira vinavyoingia ndani ya tundu la sikio. Vimpira vinaziba kelele ya nje, na kelele ikipungua hutalazimika kupandisha sauti hadi mwisho. Kwa pesa kidogo hakuna aina nyingine inayotoa sauti safi kiasi hicho. Zile iyafoni bapa zisizo na vimpira, zinazokaa mlangoni tu mwa sikio, ni nyepesi na hazichoshi, ila besi yake huvuja na kelele zote za nje zinaingia.

Kama ni chumbani, peke yako, hedifoni zenye mgongo wazi zitakupa raha ambayo nyingine hazina. Nyuma ya kispika kuna wavu badala ya kifuniko, sauti haijifungii ndani, na muziki unakuwa kama umekuzunguka. Gharama yake ni kwamba aliyekaa karibu nawe anausikia wimbo wako, na wewe unasikia kila anachosema. Ofisini au kwenye maktaba usijaribu.

Hedifoni za mgongo uliofungwa ndizo za kazi nyingi: kusomea, kurekodi, kuhariri video. Ukirekodi sauti yako mwenyewe ni lazima ziwe hizi, maana zilizo wazi zitavujisha muziki hadi kwenye maikrofoni. Ila ni vigumu kuzitengeneza vizuri kwa bei ndogo. Sauti inayorudi nyuma inagonga ganda la plastiki na kurudi tena, na katika hedifoni za kubabaisha utaisikia kama mvumo wa ndani ya pipa. Kwa bajeti ile ile ndogo, mimi ningechukua iyafoni nzuri za waya kabla ya hedifoni za kufunga za daraja la chini.

Mazoezi ni habari nyingine. Hapo usumbufu wa waya ni mkubwa kuliko faida yake. Tafuta zisizo na waya zenye kiwango cha IPX4 au zaidi, yaani zinazostahimili jasho na matone ya maji, na usizidai mambo makubwa.

Hatua ya 2: Waya, au bila waya?

Hapa ndipo bajeti ndogo inapookolewa au kupotea. Iyafoni ya waya ni kispika, ganda, waya na pini, basi. Isiyo na waya ni kompyuta ndogo mbili zenye redio, betri na amplifaya, pamoja na kikasha chenye betri ya tatu. Zikiwa na bei moja, usitarajie kispika cha ubora mmoja. Ndiyo maana iyafoni za waya za kampuni za China kama Moondrop, 7Hz, Truthear na KZ zimepata mashabiki wengi: fedha yote imewekwa kwenye kutoa sauti.

Kuna jambo la pili, nalo ni umri. Betri za iyafoni zisizo na waya ni ndogo mno, zinachajiwa karibu kila siku, na baada ya miaka michache hazishiki chaji. Nyingi zimegundishwa kwa gundi, hazifunguki. Betri ikifa, kispika kizima kinatupwa nayo. Linganisha na Koss Porta Pro, hedifoni nyepesi ya waya iliyotoka mwaka 1984 na inauzwa hadi leo, au Sony MDR-7506 ya mwaka 1991 ambayo bado imetundikwa kwenye studio nyingi. Vitu hivyo vikichakaa sponji, unabadilisha sponji.

Tatizo la waya ni simu yenyewe. Tangu Apple ilipoondoa tundu la 3.5 mm kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zimefuata. Kama simu yako haina tundu, utahitaji adapta ya USB-C au ya Lightning, na hapa kuwa macho: adapta za USB-C ni za aina mbili ingawa kwa nje zinafanana. Zipo zenye chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya umeme wa kawaida, na zipo ambazo ni waya mtupu, zinazotegemea simu ifanye kazi hiyo. Simu nyingi hazifanyi, na adapta ya aina ya pili ukiichomeka utapata kimya. Nunua yenye chipu. Haihitaji kuwa kubwa wala ghali.

Ukiamua kwenda bila waya, basi amua ukijua haya. Bluetooth haitumi muziki kama ulivyo. Kwanza inaubana kwa kutumia kodeki, yaani kanuni ya kubana sauti, nazo ziko za aina kadhaa. SBC ipo kwenye kila kifaa cha muziki cha Bluetooth. AAC ndiyo inayotumika kwa iPhone. Simu nyingi za Android huongeza aptX au LDAC ya Sony, ambayo inafika kilobiti 990 kwa sekunde. Watu wanabishana sana kuhusu kodeki, lakini kwenye vifaa vya bei nafuu tofauti ya kodeki ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya jinsi kispika kilivyopangwa sauti. Iyafoni iliyopangwa vizuri yenye SBC itaishinda iliyopangwa ovyo yenye LDAC.

Kinachosumbua zaidi ni maikrofoni. Ukifungua kikao cha video kwenye kompyuta na kuwasha maikrofoni ya hedifoni yako ya Bluetooth, mara nyingi muziki unageuka ghafla, unasikika kama wa simu ya zamani. Hazijaharibika. Bluetooth imehama kutoka njia ya muziki kwenda njia ya mazungumzo, ambayo ni nyembamba. Dawa yake ni kuchagua maikrofoni ya kompyuta kwenye mipangilio, na kuiacha hedifoni ishughulike na kusikiliza tu. Wanaocheza gemu nao watasumbuliwa na ucheleweshaji: risasi inatoka kwenye kioo, mlio unafuata baadaye. Programu za video hurekebisha pengo hilo zenyewe. Gemu haziwezi, maana hazijui utabonyeza nini.

Kuhusu kuzima kelele za nje kwa umeme (ANC): teknolojia hiyo ni nzuri ikifanywa vizuri, na inashughulikia hasa mivumo mizito isiyobadilika kama ya injini. Sauti za watu wanaozungumza inazipunguza kwa kiasi kidogo. Kwenye vifaa vya bei ya chini huwa inaongeza mchirizo wa *sss* nyuma ya muziki na kuvuruga besi. Kimpira kinachoziba sawasawa kitafanya kazi kubwa zaidi, na hakihitaji chaji.

Hatua ya 3: Soma kifurushi, usikiamini

Maandishi mengi kwenye boksi yapo kwa ajili ya kukuvutia. "20 Hz hadi 20,000 Hz" (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) ni mfano mzuri. Huo ndio upeo wa sikio la binadamu lenye afya, na karibu kila hedifoni itadai kuufikia. Namba hizo hazisemi kama kifaa kinatoa masafa yote kwa nguvu inayolingana au kama kwenye 30 Hz kinanong'ona tu. Wanaoandika 40,000 Hz wanakuuzia kitu ambacho sikio lako halikisikii, na kadiri umri unavyokwenda hata hiyo 20,000 inashuka.

Ukubwa wa kispika kwa milimita haukuambii ubora. Idadi ya vispika nayo vilevile. Kuna iyafoni zinazojivunia vispika vinne au vitano kila upande, kila kimoja na masafa yake, na visipounganishwa kwa ustadi vinagombana. Kispika kimoja kilichotengenezwa vizuri kinatosha. Maneno kama "besi ya ziada" yachukulie kama onyo.

Namba mbili zina maana: ukinzani (impedance), unaopimwa kwa omu, na wepesi wa kuitika (sensitivity), unaopimwa kwa desibeli. Kwa simu au kompyuta ya kawaida, tafuta omu 16 hadi 32 na desibeli 100 au zaidi kwa miliwati moja. Ukinzani ukiwa mkubwa na wepesi ukiwa mdogo, sauti itatoka dhaifu hata ukipandisha hadi mwisho, na utalazimika kununua amplifaya ambayo haikuwa kwenye bajeti. Mtego huu huwanasa hasa wanaonunua hedifoni za studio. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, inauzwa kwa omu 32, omu 80 na omu 250, na kwa nje utadhani ni kitu kimoja. Ukiiona ya omu 250 inauzwa rahisi mahali, jua ni kwa nini. Sennheiser HD 600 ina omu 300. Ni hedifoni za kuheshimika, lakini si za kuchomeka kwenye simu.

Hatua ya 4: Tafuta grafu kabla ya kusoma sifa

Wapo watu wanaopima hedifoni kwa sikio la bandia lenye maikrofoni ndani, kisha wanaweka grafu mtandaoni bure. Andika jina kamili la kifaa pamoja na maneno ya Kiingereza "frequency response graph", yaani grafu ya masafa, na utaziona. Grafu moja itakueleza zaidi ya kurasa nyingi za wakaguzi wanaosifia "sauti yenye hariri na upepo wa jioni".

Mstari wa chini unaonyesha masafa, kutoka besi kushoto hadi sauti kali kulia. Mstari wa wima unaonyesha nguvu kwa desibeli. Gawa kichwani mwako hivi: hadi 250 Hz ni besi, kutoka hapo hadi kama 4,000 Hz ni sauti za kati ambako waimbaji na ala nyingi wanaishi, na juu ya hapo ni ukali, matoazi na pumzi.

Usitarajie mstari ulionyooka. Sikio lenyewe hukuza sauti za karibu na 3,000 Hz kwa sababu ya umbo la tundu lake, kwa hiyo hedifoni nzuri huonyesha kilima laini eneo hilo. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman walitumia miaka mingi wakiwapa watu wasikilize mipangilio mbalimbali, na wakapata kwamba wasikilizaji wengi wanapenda sauti inayokaribiana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri: besi iliyoinuliwa kidogo, kati iliyo wazi, ukali usiozidi. Mpangilio huo unaitwa lengo la Harman, na kampuni nyingi za bei nafuu sasa zinaufuata au kuukaribia. Hilo ndilo lililowapa watu wa bajeti ndogo nafasi.

Unachokwepa kwenye grafu ni hiki. Uvimbe mkubwa kati ya 150 na 300 Hz: waimbaji watasikika kama wamefunikwa shuka. Shimo refu kwenye 1,000 hadi 3,000 Hz: sauti ya mtu itakuwa mbali, kama anaimba chumba cha pili. Miiba mirefu myembamba kati ya 5,000 na 9,000 Hz: kila "s" na "sh" itakuchoma. Hapo kwenye 8,000 Hz pana tahadhari moja: mitambo mingi ya kupimia iyafoni hujitengenezea mwiba wake mwenyewe eneo hilo, kwa hiyo usiihukumu iyafoni kwa mwiba wa hapo peke yake. Na usilinganishe grafu ya mtu huyu na ya yule. Mitambo inatofautiana. Linganisha vifaa viwili vilivyopimwa na mtu mmoja kwa mtambo mmoja.

Hatua ya 5: Zikae sikioni

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayoamua zaidi ya zote. Iyafoni isiyoziba haina besi. Inaweza kuwa bora kuliko zote dukani, lakini pakiwa na upenyo wa unene wa unywele kati ya kimpira na ngozi, besi yote inatokea hapo, na utabaki na sauti ya kibati.

Jaribio lake ni rahisi. Cheza wimbo wenye gita la besi. Weka kidole nyuma ya iyafoni na uisukume ndani taratibu. Besi ikija ghafla, kisha ikatoweka unapoachia, kimpira hicho si chako. Jaribu kikubwa zaidi. Watu wengi huvaa vidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu vidogo vinaingia kirahisi. Unapovaa, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu lifunguke, ingiza iyafoni huku ukiizungusha kidogo, halafu achia sikio. Usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Hilo ni jambo la kawaida.

Vimpira vikigoma vyote, nunua vya sponji. Unakifinya kwa vidole, unakiingiza, unakishikilia kwa sekunde chache huku kikivimba na kujaza tundu. Vinaziba kuliko silikoni na vinapunguza ukali kidogo, ila vinachakaa haraka na vinashika uchafu. Kwa iyafoni ambazo zinakupigia "s" kali, kubadilisha vimpira kunaweza kuwa ndiyo tiba yote uliyokuwa unaitafuta.

Iyafoni nyingi za waya za siku hizi zimetengenezwa waya upite juu ya sikio na kushuka nyuma. Zinaonekana za ajabu mara ya kwanza. Zivae hivyo hivyo, kwa sababu uzito unahamia kwenye sikio na mtikisiko wa waya haufiki kwenye kispika.

Kwa hedifoni, angalia kama duara la sponji linazunguka sikio zima au linalikalia. Linalokalia sikio hubana gegedu, na ndani ya saa moja utalihisi. Anayevaa miwani avae miwani yake wakati wa kujaribu, maana mkono wa miwani unafungua upenyo kwenye sponji na besi inapotea papo hapo. Anayefuga nywele nyingi au kuvaa hereni kubwa atakutana na tatizo hilo hilo. Uzito nao: gramu 250 au chini yake ni raha, na zikipita 350 shingo itaanza kuuliza maswali.

Hatua ya 6: Sikiliza kwa nyimbo unazozijua

Dukani watakuwekea wimbo wao, na wimbo huo umechaguliwa kwa sababu unapendeza hata kwenye spika mbovu. Kataa kwa upole. Chomeka simu yako na ucheze nyimbo ambazo umezisikiliza mpaka unajua mpiga ngoma anaingia wapi. Zipakue kwa ubora wa juu, zima ikwalaiza (mipangilio ya kupandisha au kushusha besi, kati na ukali), na zima kitu chochote kinachojiita "sauti ya pande zote".

Jambo la kwanza ni usawa wa nguvu. Kati ya hedifoni mbili, inayotoa sauti kubwa kidogo itaonekana bora, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba hujaitambua kama tofauti ya ukubwa. Kila unapobadilisha, rekebisha sauti hadi mwimbaji awe na nguvu ile ile. Pia usijaribu kwa sauti ya juu mno. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu pale sauti inapokuwa ndogo, hivyo hedifoni ikipigwa kwa nguvu itaonekana ina besi ambayo hutaikuta ukisikiliza kwa kiwango chako cha kila siku.

Anza na sauti ya binadamu. Chagua wimbo wenye mwimbaji na ala chache. Mwimbaji anapaswa kusimama katikati ya kichwa chako, kamili, wala haegemei kushoto au kulia. Akiegemea, vispika viwili havilingani, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuirudisha. Sikiliza herufi "s" mwisho wa maneno. Zinapita, au zinachana? Sikiliza kama anasikika anaimba kwa pua. Hisia zetu kuhusu sauti ya mtu ni kali sana kwa sababu tumeisikia tangu tuzaliwe, kwa hiyo kama inakusumbua hata bila kujua kwa nini, amini masikio yako.

Kisha besi, na hapa utulie. Tafuta wimbo ambao gita la besi na ngoma kubwa vinapiga kwa pamoja. Funga macho, lifuate gita peke yake. Kila noti ina sauti yake, juu na chini, au zote ni *dum, dum, dum* ya aina moja? Ngoma inapopigwa, unasikia kofi la kipigo kwanza halafu mvumo, au mvumo tu? Besi nzuri unaweza kuiimba kwa mdomo baada ya wimbo kwisha. Besi mbovu imejaa kama ngoma iliyolegea ngozi: inavuma sana, haisemi kitu. Wauzaji wanaijua tofauti hii, na wanajua pia kwamba wanunuzi wengi wataridhika na mvumo.

Halafu weka wimbo wenye vurugu, kiitikio ambacho kila mtu anaimba na kila ala inapiga. Matoazi yanabaki matoazi, kila moja na mlio wake, au yamegeuka kuwa *fshhh* moja? Unaweza bado kumsikia mpiga kinanda nyuma? Vifaa vya bei nafuu huanguka hapa kuliko popote.

Mwisho, muda. Kinachosisimua kwa dakika moja mara nyingi kinachosha kwa nusu saa. Ukali uliozidi unaonekana kama "uwazi" mwanzoni, kisha unajikuta unavua hedifoni bila kujua kwa nini. Kama duka linaruhusu kurudisha bidhaa, tumia ruhusa hiyo vizuri: sikiliza nyumbani jioni nzima, na uamue kesho yake. Na yule atakayekwambia "sauti itafunguka ukizitumia kwa saa mia moja" anakuomba uvumilie hadi muda wa kurudisha uishe. Kinachobadilika zaidi katika saa hizo ni mazoea ya masikio yako.

Hatua ya 7: Kabla hujalipa

Kagua sehemu mbili: waya unapoingia kwenye pini, na unapoingia kwenye ganda. Hapo ndipo iyafoni nyingi hufia. Panatakiwa pawe na shingo ya mpira laini inayopinda pamoja na waya. Kama waya unaingia moja kwa moja kwenye plastiki ngumu na kukunjika kwa pembe kali, siku zake zinahesabika. Bora zaidi ni waya unaochomoka. Iyafoni nyingi za bei nafuu sasa zina viunganishi vya pini mbili za 0.78 mm, na nyingine za aina ya MMCX. Waya ukikatika unanunua waya, kispika kinaendelea kuishi. Hakikisha tu unajua kiunganishi chako ni kipi, kwa sababu haviingiliani.

Majina makubwa yanaigwa sana, hasa iyafoni zisizo na waya. Feki za sasa zina boksi zuri, namba ya usajili, hata dirisha la kuunganisha linalojitokeza kwenye simu. Bei ikiwa nusu ya ile ya kawaida bila sababu, usijidanganye. Pesa hiyo hiyo inanunua kitu halisi cha kampuni isiyo na jina kubwa, na kitakuwa na sauti nzuri kuliko feki ya jina kubwa.

Hedifoni zilizotumika zinaweza kuwa dili la kweli kama sponji zinapatikana na mkanda wa kichwani haujapasuka. Chomeka, cheza wimbo, tikisa waya taratibu karibu na pini na karibu na ganda. Upande mmoja ukikatika na kurudi, achana nazo au ushushe bei. Zisizo na waya zilizotumika sizipendekezi, sababu ni ile ile ya betri.

Hatua ya 8: Baada ya kununua

Ikwalaiza ni bure, na inaweza kuifanya iyafoni ya kawaida iwe nzuri kweli. Mradi wa AutoEq unatoa mipangilio iliyokokotolewa kutokana na vipimo vya maelfu ya hedifoni. Kwenye Android programu ya Wavelet inaitumia mipangilio hiyo, na kwenye Windows ipo Equalizer APO. Ukirekebisha kwa mkono, punguza kinachozidi badala ya kuongeza kinachopungua. Kama ni lazima uongeze besi kwa desibeli 5, shusha sauti ya jumla kwa desibeli 5 pia, la sivyo mawimbi yatakatwa vichwa na utasikia mikwaruzo kwenye vipigo vikubwa. Ikwalaiza haiwezi kuziba upenyo sikioni, wala haiwezi kukisaidia kispika kinachokwaruza kikilemewa.

Kiasi cha sauti kina mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu, hivyo kwenye desibeli 90 unabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Simu nyingi za sasa zina mahali pa kuweka kikomo. Masikio yakilia baada ya kusikiliza, ulizidisha.

Na siku upande mmoja wa iyafoni utakapofifia, usizitupe mara moja. Toa kimpira, uangalie wavu mdogo kwenye mdomo wa iyafoni mbele ya mwanga. Mara nyingi umezibwa na nta ya sikio. Geuza iyafoni itazame chini ili uchafu udondoke nje, piga brashi kavu na laini, kisha gusa wavu kwa donge la pamba lenye unyevu kidogo wa spiriti, bila kusukuma ndani. Osha vimpira peke yake kwa maji na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Usitumie sindano. Wavu ukitoboka, nta itakwenda moja kwa moja kwenye kispika, na hapo ndipo utahitaji kweli kununua nyingine.